Neno "waliridhia"

Alikuja saa saba mchana, ndoo tupu ya dagaa kichwani, risiti mbili za ushuru mkononi. Moja ya wiki iliyopita: shilingi 300. Nyingine ya asubuhi ile: 500. Zote zimetoka kwenye kimashine cha POS, kile kikaratasi laini ambacho ukikisahau dirishani siku mbili kinarudi cheupe kama hakijawahi kuandikwa kitu.

"Mwadila, mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Nitolee kopi kabla hazijafutika."

Nikamtolea. Alipokuwa anafungua fundo la khanga kutafuta hela yangu, akauliza bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Hii iliyoongezeka nani aliikubali?"

Nikamjibu kwamba ilipita kwenye mkutano wa hadhara, ule wa chini ya mwembe karibu na mwalo.

"Nilikuwepo. Nilikaa mbele, miguu juani. Mimi sikukubali. Wewe ulikubali?"

Nikasema hapana, hata mimi sikukubali.

"Basi nani?"

Akajitwisha ndoo yake akaondoka bila kungoja jibu. Jibu nilikuwa nalo, limelala kwenye kompyuta mbele yangu. Muhtasari wa mkutano ule unasema wananchi waliridhia kwa kauli moja.

Aliyeuchapa ni mimi.

## Faili la mwezi uliopita

Steshenari yangu ina kompyuta mbili na mashine moja ya kopi ambayo masika ikianza inakunja karatasi kama mtu anayekunja chapati. Wino wa printa ya ofisi ukiisha, na huwa umeisha, kazi za serikali yetu ndogo huletwa kwangu: barua, matangazo, mihutasari. Mji wetu ni mamlaka ya mji mdogo chini ya halmashauri ya wilaya, saa chache kutoka Mwanza mjini. Sitautaja.

Namna ya kuchapa muhtasari kila mwenye steshenari anaijua. Huanzi upya. Unafungua faili la mwezi uliopita, unabadilisha tarehe, unafuta majina ya waliohudhuria, unaingiza mapya. Agenda zinabaki pale pale: kufungua mkutano, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Anayeleta karatasi ya mkono atakwambia, "Mwalimu, weka kama kawaida."

Na kawaida ina sentensi yake: Baada ya majadiliano marefu, wajumbe waliridhia kwa kauli moja.

Usiku ule, baada ya kufunga duka, nikalitafuta neno hilo kwenye kompyuta. Mafaili ya mihutasari yalikuwa 23. Neno limo kwenye 21. Mawili yaliyobaki, moja ni la mkutano uliovunjwa na mvua, jingine ni la siku akidi haikutimia.

Nikarudi hadi faili la kwanza kabisa. Pale lilikuwa la kweli. Ilikuwa habari ya kufyeka njia ya kwenda makaburini, na nakumbuka vizuri, hakuna aliyepinga, watu walipanga hata nani ataleta panga na nani jembe. Sentensi ilizaliwa halali. Kisha ikaanza kurithishwa, faili kwa faili, ikaridhia mambo ambayo hayakuwa yameulizwa.

## Tumeelewana?

Nataka niwe mkweli kuhusu mkutano wenyewe, maana ni rahisi kusema tulidanganywa.

Hatukudanganywa. Mtendaji alisoma mapendekezo ya viwango vipya, moja baada ya jingine: meza ya gulioni, nafasi ya chanja ya kuanikia dagaa, mkokoteni. Upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha karatasi, akawa anazishikilia kwa kiwiko. Watu watatu walizungumza. Wa kwanza aliuliza habari ya bomba la maji, ambayo haikuwa agenda. Wa pili alikuwa amekunywa. Wa tatu, kijana wa bodaboda, alisema kitu cha maana kabisa: kwamba dagaa akipata mvua siku mbili juu ya chanja anageuka chakula cha kuku, je, siku hizo ushuru unalipwa? Akaambiwa hoja yake imechukuliwa.

Imechukuliwa. Imepelekwa wapi, sijui. Kwenye karatasi niliyoletewa haikuwemo.

Kisha mwenyekiti akasimama. "Ndugu wananchi, tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

Nimelirudia swali lile kichwani mara nyingi kuliko ninavyopaswa. Kiswahili chetu hapo kimetegea. Ukiniuliza kama tumeelewana, naweza kuitikia ndiyo nikiwa na maana ya kwamba nimesikia, nimefahamu ulichosema, twende nyumbani. Naweza pia kuwa na maana kwamba tumepatana. Mwenyekiti aliuliza la kwanza au la pili? Sisi tulijibu lipi? Mimi, ninayejisifu kwamba nilifundisha sarufi miaka mingi, niliitikia na wenzangu kwa sababu jua lilikuwa kali na duka nilimwachia mtoto.

Kutoka "tumeelewana" hadi "waliridhia kwa kauli moja" ni safari ndefu. Ilifanyika mezani kwangu kwa sekunde moja, na sikutakiwa hata kubonyeza kitu. Sentensi ilikuwepo tayari. Nilichofanya ni kutoifuta.

## Karatasi ilikokwenda

Zamani nilidhani muhtasari ni wa kujaza kabati. Kumbe una miguu.

Kodi au tozo haitozwi hivi hivi kwa sababu mtu ameipenda. Ibara ya 138 ya Katiba inataka iwe na sheria nyuma yake. Huku chini hiyo sheria ni sheria ndogo. Halmashauri inaandaa rasimu, inatakiwa iwatangazie wananchi ili mwenye pingamizi alilete, inapeleka kwenye Baraza la Madiwani, kisha kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na mwisho inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ngazi zote hizo zimewekwa kumlinda mama mwenye ndoo. Lakini diwani akiuliza mbele ya baraza, "Wananchi walishirikishwa?", anayejibu hasimulii upepo wala kijana wa bodaboda. Anainua kiambatanisho. Muhtasari huu hapa, na orodha ya mahudhurio hii hapa, majina, sahihi, namba za simu.

Ile orodha tuliitia sahihi tukiwa tunaingia, kabla neno lolote halijasemwa.

Kwa hiyo ngazi ya kwanza, ile ya chini ya mwembe, ndiyo iliyobeba zile za juu. Huko juu wanasoma karatasi. Chini ndiko waliko watu, na chini ndiko sisi tunaandika kama kawaida.

Nakiri kuna jambo linanisumbua upande wa pili. Halmashauri bila mapato ya ndani ni ombaomba. Mapato hayo ndiyo yanayotengewa ile asilimia 10 ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vikundi vyetu vya hapa mwaloni vinaililia kila mwaka. Huenda 500 ni haki. Huenda mkutano ungepigiwa kura ungepita. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: sitajua kamwe, kwa sababu hatukuulizwa, na mimi nikaandika kwamba tumejibu.

## Choo cha gulioni

Kabla ya haya yote, miezi kadhaa nyuma, aliwahi kuja mtu kutoa kopi ya mkataba. Kurasa tisa, nakala mbili. Ulikuwa wa kuendesha choo cha gulioni, kile tunacholipia 200 mlangoni.

Macho ya mwalimu hayajui kutosoma. Karatasi zikitoka kwenye mashine moja moja, zimepinduka juu, nikaona kifungu cha 7: mzabuni atahakikisha maji na sabuni vinapatikana muda wote soko likiwa wazi. Nikaona na kingine chini yake, kwamba wanafunzi waliovaa sare hawatozwi.

Nikabana kurasa kwa pini, nikapokea hela yangu, nikanyamaza.

Gulio la Jumamosi nikapita pale. Mlangoni kijana na kopo la sarafu. Ndani, pipa kavu. Mtoto wa shule ya msingi, sare ya bluu na nyeupe, kasimama kaibana miguu, anatafuta 200 mfukoni ambayo haipo. Nikamlipia. Ningeweza kumwambia yule kijana, "Huyu hatozwi, imeandikwa." Angeniuliza imeandikwa wapi, na ningesema nini? Kwamba nimeiona kwenye mashine yangu ya kopi?

Mwenye steshenari ni kama mganga. Watu wanakuletea vyeti vya talaka, majibu ya hospitali, barua za kufukuzwa kazi. Ukianza kusimulia unachokiona, kesho hakuna anayekuja, na itakuwa halali yao. Nilijishikilia kwenye hoja hiyo kwa muda mrefu. Ni hoja nzuri. Ina kasoro moja tu: ule mkataba haukuwa siri ya mtu. Ulikuwa wangu na wa yule mtoto.

Linganisha na daraja. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kijiwe chetu cha kahawa kilikuwa na wahandisi wasiopungua kumi. Urefu kilomita 3, gharama zaidi ya shilingi bilioni 700, waliojenga Wachina. Kila mtu anayo. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka, tunabishana mabilioni ya halmashauri ambazo hatujawahi kuzikanyaga. Muulize mtu yeyote pale kijiweni mzabuni wa choo anailipa halmashauri shilingi ngapi kwa mwezi.

Hakuna. Na wote wanakitumia.

## Fundi na simu yangu

Nisizidishe lawama kwa karatasi, maana siku hizi kuna mfumo. Tangu 2023 zabuni za umma zinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huo ndiyo inayoisimamia. Kwenye makaratasi (samahani, kwenye skrini) fundi wa hapa anashindana sawa na yeyote.

Fundi wetu mmoja, mwashi hodari, mikono yake imejenga nusu ya mji huu, alikuja nimwandikishe. Namba ya NIDA, sawa. TIN, sawa. Barua pepe hana, tukamfungulia. Namba ya siri ikatumwa kwenye simu yake, simu yake iko kwa mkewe, mkewe yuko Mwaloni Kirumba anauza dagaa. Tukampigia. Akatusomea tarakimu huku nyuma kuli anapiga kelele watu wapishe. Zilipofika muda umekwisha.

Tulifaulu siku ya pili. Ila nilimwona akiangalia ile skrini jinsi mama wa dagaa alivyoangalia risiti.

## Siku kumi na tisa

Mgeuko haukutoka kwangu, ningependa kujisifu lakini hapana. Ulitoka kwa mama lishe anayepika mkabala na choo. Harufu ilikuwa inamfukuzia wateja. Akaja nimwandikie barua ya kulalamika.

Nilikuwa nimeanza kuandika "Yahusu: malalamiko", nikasita. Nikamwambia, "Dada, badala ya kulalamika, omba. Omba nakala ya mkataba."

"Watanipa?"

"Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 za kukujibu."

Hapa ndipo nilipopata njia ya kupita kati ya uganga wangu na uraia wangu. Sikumwambia nilichokisoma. Nilimwonyesha mlango ambao yeye mwenyewe angeweza kuubisha. Sijui kama hilo ni uadilifu au ni woga uliovaa shati safi.

Barua ikapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Siku ya kumi na tisa akaitwa. Hawakumpa nakala, walimruhusu ausome pale pale ofisini, mbele ya karani, bila kupiga picha. Sivyo alivyoomba, lakini yeye alisoma. Yule dada aliishia darasa la saba na ana kumbukumbu ya kunasa. Kwenye madaftari ya wadaiwa wake hakuna anayeandikwa, wote wamo kichwani.

Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni mwa choo na mwiko mkononi. "Kifungu cha saba!" Kila aliyetoka bila kunawa, "Kifungu cha saba!" Wachuuzi wakacheka, wakaidaka. Ikawa salamu. Hadi leo gulioni mtu akikupunja chenji unamwambia kifungu cha saba. Maji yakaja Jumamosi ya tatu, kwenye madumu ya njano. Sabuni huja na kuondoka.

Nilicheka na wenzangu, kisha nikarudi dukani nikaketi mbele ya lile faili.

## Yatokanayo

Nilimweleza mtendaji. Ni binti wa rika la wanangu, alihamishiwa hapa mwaka jana. Alinisikiliza akiwa amesimama, pikipiki haijazimwa.

"Shikamoo mwalimu. Sasa ulitaka niandike nini?"

Si swali baya. Ana vitongoji vya kuzungukia, ana lengo la makusanyo ambalo akilikosa linaulizwa yeye, si mimi. Wakazi wakiitwa mkutanoni hawaji. Wakija wanauliza posho. Aliniambia kitu ambacho sikukitegemea: kwamba siku ile alikuwa ameandika hoja ya kijana wa bodaboda kwenye daftari lake, ila alipoletewa mfano wa muhtasari akaona hauna nafasi ya hoja. Una nafasi ya maazimio tu.

Mfano wenyewe alikuwa ameutoa kwangu.

Babu yangu alikuwa na msemo wake wa kejeli kuhusu 1972, mwaka serikali za mitaa zilipofutwa zikaja Madaraka Mikoani: kwamba hakuona tofauti mpaka daraja la mti lilipovunjika, akatafuta wa kumlaumu akamkosa. Sheria za 1982 zikazirudisha. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi. Nilikuwa nikiiwaza kama lori linalotoka Dodoma. Sikuwahi kufikiri kwamba mzigo ukifika unaweza kukwama kwenye kompyuta ya mtu anayeharakisha kufunga duka.

Mkutano uliofuata, agenda ya tatu, nilinyoosha mkono. Nikasema muhtasari uliosomwa una kosa na kosa ni langu. Watu wakageuka. Mwenyekiti, aliyechaguliwa Novemba 2024 na bado ana aibu ya ugeni, akaniuliza nataka irekebishwe vipi. Nikasema iandikwe kwamba hoja ya chanja na mvua ilitolewa na haikujibiwa, na kwamba kura haikupigwa.

"Lakini mwalimu, ushuru umeshaanza."

"Najua. Sisemi ushuru usimame. Nasema iandikwe."

Nilitegemea ugomvi. Kulikuwa na kimya, kisha yule mama wa dagaa, miguu yake juani kama kawaida, akasema, "Iandikwe," na mwenyekiti akasema haya, iandikwe. Dakika mbili. Ushuru haukushuka. Chanja yake inalipiwa 500 na juzi mvua ilinyesha.

Usiku nikafungua faili nikaifuta ile sentensi. Mahali pake nikaweka mistari: Hoja zilizotolewa. Waliokubali. Waliokataa. Nikasita kidogo, nikaongeza mmoja: Wasiosema.

Mtendaji alipokuja na mkutano mpya, ule wa habari ya dampo, nikampa karatasi hiyo ajaze kwanza ndipo nichape. Akaisoma pale kaunta.

"Mwalimu, hii ya wasiosema ndiyo nini?"

"Uliwaona?"

Hakujibu. Akaikunja akaiweka kwenye mkoba. Ilirudi siku ya tatu, ina alama ya mafuta ya pikipiki pembeni. Waliokubali 14. Waliokataa 9. Na kwenye mstari wa mwisho, badala ya namba, ameandika kwa kalamu ya bluu: wengi.

Nikachapa hivyo hivyo.